Makedonia: wachungaji wa milimani walipataje jeshi la kuwashinda wote?

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Salamu kwenu wote. Nafundisha historia mwaka wa tatu humanite, hapa Kadutu. Wiki hii tulifika kwa Wagiriki na Alexander, na binti mmoja wa benchi la mbele, yule ambaye haridhiki na jibu lolote, akanibana. Makedonia ilikuwa nchi ya wachungaji, majirani wanaivamia kila upande, watu wa Athens wanaicheka. Imekuwaje ndani ya miaka 20 hivi iwe imewaweka chini Wagiriki, na haikupita miaka 8 mingine ikauangusha ufalme wa Uajemi?

Kitabu chetu kinasema mambo mawili tu: Alexander alikuwa jemadari hodari, na askari wake walikuwa na mkuki mrefu unaoitwa sarisa. Nikayarudia hayo. Binti akasema, "Mwalimu, kama ni urefu wa mkuki, na wengine si wangekata miti mirefu?" Darasa zima likacheka.

Naomba msaada wa mwenye kulijua jambo hili kwa undani. Kipindi kijacho ni Alhamisi.

Jogoo_wa_Birere (Goma)

Mwalimu usijichoshe. Ni Alexander. Kuna watu wanazaliwa na vita mwilini. Mpe hata vijana wa mtaani na fimbo, atashinda.

Fundi_Majengo (Goma)

Mwalimu, aksanti kwa swali. Mimi nilisomea historia chuo cha ualimu, nikafundisha, mshahara ukawa unakuja siku unayotaka wenyewe, nikarudi kwenye kazi ya marehemu baba. Leo natengeneza chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, na wavuvi wakiniletea oda nachonga miti ya mitumbwi ya kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Kwa hiyo nitaanza na mti, kwa sababu huyo binti yako yuko kwenye njia nzuri.

Theophrastus, aliyeandika habari za mimea na aliyeishi zama za Alexander, anasema sarisa ndefu kabisa ilikuwa na dhiraa 12. Hiyo ni kama mita 5 na nusu. Askari wa kawaida wa Kigiriki alikuwa na mkuki wa mita 2 na nusu hivi, anaushika kwa mkono mmoja, mkono wa pili una ngao kubwa ya mviringo ya karibu sentimita 90.

Sasa beba mti wa mita 5 na nusu uone. Wavuvi wetu hapa Kivu hufunga mitumbwi mitatu pamoja, wakatokeza miti mirefu ya mkaratusi mbele na nyuma ya kushikia wavu. Nikiubeba mmoja kutoka karakana mpaka ufukoni, mtu akiniita nikageuka, mimi nasimama lakini ncha haisimami. Inaenda, inarudi, inaenda tena, na aliye mita 4 mbele yangu anaweza kupigwa sikio kabla sijajua yupo. Ukiulaza mlalo kiunoni, mbele unainama, na viganja vinawaka moto muda si muda. Uzito wenyewe si mkubwa. Shida ni kwamba uzito uko mbali na wewe.

Wamakedonia walilijua hilo. Mwanaakiolojia Manolis Andronikos alifukua Vergina chuma cha kitako cha mkuki chenye urefu wa karibu nusu mita na uzito wa kilo 1 hivi. Chuma hicho kilivaa mwisho wa mti, kikavuta uzito nyuma, hivyo askari aliweza kushika karibu na kitako, mikono yote miwili, na sehemu kubwa ya mti ikabaki mbele yake. Mikono yote ikiwa na kazi, ngao ikawa ndogo, kama sentimita 60, inaning'inizwa kwa mkanda begani. Pamoja na chuma cha kitako lilipatikana bomba fupi la chuma, na wataalamu wamegombana miaka mingi: je, mti ulikuwa vipande viwili vinavyounganishwa kwa bomba hilo? Mimi kama fundi nasema hakuna aibu kwenye kuunga mti. Mti ambao mara nyingi wanautaja, kornuye kwa Kifaransa, ni mgumu ajabu na mzito hata ukiutia majini unazama, lakini ni mti mdogo. Kupata kipande kimoja kilichonyooka cha mita 5 na nusu kutoka kwake ni kazi ya kuzunguka msitu mzima. Ndiyo maana wengine wanasema walitumia frene, ambao unapanda juu na nyuzi zake zinanyooka.

Kwa vyovyote, miti haikuwa shida yao. Athens ilikuwa inanunua mbao za meli na makasia huko huko Makedonia.

Sasa twende kwenye kiini. Mtu mmoja mwenye sarisa ni mtu aliyekwisha kufa. Adui akishapita ile ncha, huna ngao ya maana, huna mkono wa akiba, na kuuacha mti utoe kisu unachelewa. Sarisa inaanza kuwa silaha pale mnapokuwa mamia mmebanana. Polybius, aliyeandika baadaye wakati sarisa zimekuwa ndefu zaidi, anasema ncha za mistari 5 ya kwanza zilitokeza mbele ya mtu wa kwanza. Adui akija na upanga anakuta mbele yake ncha 5 kwa kila mtu mmoja wa mstari wa mbele, kabla hajamgusa yeyote. Walio nyuma, mpaka mstari wa 16, waliinamisha miti yao juu ya vichwa vya wenzao, mishale ikawa inagonga miti kabla ya kufika chini.

Ila mmoja akijikwaa, akigeuka kushoto wenzake wakienda kulia, miti inafumana na mmekwisha. Kwa hiyo urefu wa mti unalazimisha jambo jingine: mazoezi ya kila siku, mwaka mzima, kwa watu wanaolishwa wafanye kazi hiyo tu. Mwalimu, mwambie binti hivi: mti mrefu kila mtu aliweza kuukata. Kilichokuwa adimu ni watu 10,000 wanaoweza kugeuka nao pamoja.

Philip II, baba yake Alexander, alitawala kuanzia 359 KK akiwa na miaka 23 hivi. Kaka yake Perdiccas, mfalme kabla yake, alikuwa ameuawa na Waillyria, majirani zao, pamoja na askari zaidi ya 4,000. Hiyo si hasara ya kawaida, ni jeshi la nchi limefutika. Kijana anarithi kilio. Lakini akakusanya watu, akawapa silaha, akawafanyisha mazoezi bila kupumzika, na mwaka uliofuata alitoka na watu 10,000 wa miguu na farasi 600, akamvunja Bardylis, yule yule mfalme wa Waillyria. Diodorus, mwandishi wa historia wa zamani, anaandika kuwa Waillyria zaidi ya 7,000 waliuawa.

Na mazoezi yenyewe hayakuwa gwaride la sikukuu. Polyaenus anasema aliwatembeza stadia 300 wakiwa na kofia, ngao, sarisa na chakula chao. Hiyo ni karibu kilomita 55, yaani kwenda Sake na kurudi Goma kwa mguu huku umebeba ule mti. Mikokoteni aliipiga marufuku. Frontinus anasema kila watu 10 wa miguu walipewa mtumishi mmoja tu, wa kubeba mawe ya kusagia na kamba, na wakienda vita vya kiangazi kila askari alibeba mgongoni unga wa siku 30. Kuna ofisa mmoja kutoka Tarentum alivuliwa cheo kwa sababu alioga maji ya moto. Mimi na baridi ya hapa chini ya Nyiragongo ningefukuzwa siku ya kwanza.

Kwa nini unga huo ni muhimu? Jeshi la zamani lilikuwa na mkia: mikokoteni, punda, wapishi, wake, wachuuzi. Mkia ndio ulioamua mwendo wa jeshi. Philip aliukata mkia, matokeo yake akawa anatokea mahali adui anapomtarajia baada ya wiki.

Nitarudi, kuna mteja amekuja kuchukua chukudu yake.

Jogoo_wa_Birere (Goma)

Papa Fundi, hiyo yote ni ya baba yake. Mbona dunia inamjua mtoto?

Mtoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nasoma kwa raha, ila Papa Fundi anavutia kila kitu kwenye mbao. Ndiyo kazi yake, simlaumu. Sisi wa Katanga tuliozaliwa juu ya shaba tunauliza kwanza: nani alilipa?

Watu 10,000 wasiolima, wasiochunga, wanafanya mazoezi mwaka mzima, wanakula nini? Mwaka 357 KK Philip aliteka Amphipolis, mji wa mto Strymon ambao Athens iliulilia miaka mingi. Mwaka uliofuata akachukua Krenides, karibu na milima yenye dhahabu, akaupa jina lake. Ni Filipi, ule ule ambao baadaye Paulo aliwaandikia Waraka kwa Wafilipi. Diodorus anasema aliiboresha migodi ya hapo mpaka ikampa zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka. Sarafu zake za dhahabu zilitembea mbali sana. Kwa fedha hiyo alilipa askari, alikodi mamluki, alinunua wanasiasa wa miji ya Kigiriki. Wanasimulia alisema hakuna ngome usiyoweza kuiingia kama punda aliyebeba dhahabu anaweza kuipanda.

Ongeza na ndoa. Alioa wake saba, na karibu kila mke alikuja na mpaka mmoja uliotulia: Illyria, Epirus, Thessaly na kwingineko. Olympias, mama yake Alexander, ndiye wa Epirus. Jeshi lisilolinda mipaka mitano kwa wakati mmoja linaweza kwenda lote upande mmoja.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Aksanti sana wazee wangu. Hii inanisaidia, lakini binti atarudi na swali lile lile akilibadilisha nguo. Athens ilikuwa na fedha na meli. Thebes iliwavunja Wasparta pale Leuctra mwaka 371 KK, na Philip mwenyewe alikaa Thebes akiwa kijana kama mateka. Walimwona akijenga hili jeshi kwa miaka 20. Kwa nini hawakuiga?

Fundi_Majengo (Goma)

Mtoto wa Katuba, sikatai dhahabu. Ila angalia mfululizo wa miaka: Bardylis alivunjwa 358 KK, Amphipolis 357, migodi 356. Jeshi lilikuja kwanza, jeshi ndilo lililoteka migodi, halafu migodi ikalifanya jeshi likue. Uajemi ilikuwa na dhahabu mara nyingi kuliko Philip na ikaangushwa. Kwenye ndoa nakuunga mkono kabisa, na hilo watu wengi wanalipita haraka.

Mwalimu, hili swali la pili la binti ndilo bora kuliko yote, nalo ndilo linaloniweka macho.

Kwanza, kurefusha mkuki hakukuwa siri. Kabla ya Philip, jemadari wa Athens aitwaye Iphicrates alishawarefushia askari wake mikuki na kuwapunguzia ngao. Kupanga watu kwa kina kirefu nako kulijulikana: Thebes ndiyo iliyofanya hivyo Leuctra, mistari 50 upande wa kushoto. Philip alikaa katika mji huo miaka kama mitatu, wakati ambapo Epaminondas na Pelopidas ndio waliokuwa wakubwa wa vita Ugiriki. Kwa hiyo vipande vyote vilikuwa mezani, kila mtu anaviona.

Hawakuiga kwa sababu kuiga jeshi lile kulitaka waache kuwa walivyokuwa. Askari wa Athens au Thebes ni raia mwenye shamba. Silaha amejinunulia. Anatoka vitani kiangazi, mavuno yakifika anataka nyumbani, na ana kura mkutanoni: akichoka vita anapiga kura vita viishe. Maskini asiyeweza kununua ngao na dirii anakwenda kupiga makasia. Kule Makedonia maskini yule yule, mchungaji, anapewa mti na chuma na ngao ndogo na mfalme, anaitwa "mwenzi wa miguu" wa mfalme, na akifanya vizuri kuna ardhi iliyotekwa ya kugawiwa. Arrian ameandika hotuba ambayo Alexander aliwapa askari wake waliogoma pale Opis mwaka 324 KK: kwamba baba yake aliwakuta wamevaa ngozi, wanachunga kondoo wachache milimani, wakiwaogopa majirani, akawapa nguo za kitambaa, akawashusha bondeni, akawafanya watu wa mijini. Mtu kama huyo harudi kuvuna. Vita ndiyo mavuno yake.

Demosthenes wa Athens aliliona hili vizuri kuliko majemadari wote wa upande wake. Katika hotuba ya 341 KK anawaambia watu wake kwamba zamani Wasparta walikuwa wakivamia miezi minne au mitano ya kiangazi, wanaharibu mashamba, wanarudi kwao. Philip, anasema, haendi na falanksi, yaani ule ukuta wa mikuki, peke yake. Anakwenda na watu wepesi, wapanda farasi, wapiga mishale, mamluki, na kwake kiangazi na majira ya baridi ni sawa. Miaka kumi hivi kabla ya hapo alishawaambia jambo lililonichekesha mpaka nikaweka randa chini: sikukuu zenu za Athens huwa kwa tarehe yake kila mwaka, kila mtu anajua zamu yake na posho yake, lakini meli zenu zinafika Methone, Pagasae na Potidaea mji umeshatekwa. Sisi watu wa Goma tunazijua sikukuu zinazofika kwa wakati.

Na kuna jambo la amri. Athens ikitaka kutuma jeshi inakutana, inajadili, inachagua jemadari, inatafuta fedha, na wapelelezi wa Philip wamekaa humo humo wanasikiliza. Yeye mwenyewe ni mfalme, jemadari na mweka hazina katika mtu mmoja. Na hakukaa nyuma. Jicho la kulia lilitoka Methone, mwaka 354 KK, akiwa kwenye kuzingira mji.

Asiseme mtu kwamba jeshi lile halikushindwa. Mwaka 353 KK Onomarchus wa Phocis alimvunja Philip mara mbili huko Thessaly. Mara moja alimvuta mpaka chini ya vilima vilivyopinda kama mwezi mchanga, na juu ameficha mitambo ya kurusha mawe. Falanksi imebanana, mawe yanatoka juu: hakuna pa kukimbilia. Askari wakakaribia kuasi. Majeshi mengi ya raia baada ya kipigo hicho yangevunjika, kila mtu kwake. Philip aliwarudisha kwao, akawapanga upya, mwaka uliofuata akarudi Thessaly na watu 20,000 wa miguu na farasi 3,000, na kwenye Uwanja wa Crocus Onomarchus akafa na watu 6,000 hivi. Mimi hapo ndipo naona jeshi lenyewe, kuliko kwenye ushindi wote. Lilikuwa kitu kinachoweza kuvunjika kikatengenezwa.

Halafu Chaeronea, 338 KK. Philip ana watu 30,000 wa miguu na farasi 2,000. Polyaenus anasema alijua watu wa Athens ni wakali mwanzoni lakini hawana mazoezi, na askari wake mwenyewe wamezoea kuvumilia, kwa hiyo akavuta muda, na upande wake akarudi nyuma hatua kwa hatua, miti ikiwa imeelekezwa mbele. Jaribu kutembea kinyumenyume ukiwa na mti wa mita 5 mkiwa elfu kadhaa. Watu wa Athens wakadhani anakimbia, wakamfuata wakipiga kelele, mstari wao ukavutika ukaachana na wenzao. Kisha akasimama. Upande wa pili Alexander, miaka 18, akawaingia watu wa Thebes. Kikosi kitakatifu cha Thebes, watu 300, kilikufa pale pale. Chini ya sanamu ya simba iliyoko hapo ilifukuliwa mifupa ya watu 254. Demosthenes mwenyewe alikuwa mstarini siku hiyo, na alikimbia na wengine.

Dada_Himbi (Goma)

Papa Fundi, mimi nimekuwa nikisoma tu. Swali dogo: farasi umewataja pembeni pembeni. Nilivyosoma mimi, mikuki ile mirefu haikuwa inaua wengi, kazi yake ilikuwa kushikilia, na wapanda farasi ndio waliomaliza.

Fundi_Majengo (Goma)

Dada, umesema vizuri kuliko mimi. Na hapa ndipo Jogoo atapata Alexander wake.

Ukuta wa sarisa unamshikilia adui mbele asiweze kugeuka. Upande wa kulia wapo Wenzi wa mfalme, wapanda farasi wenye mikuki, wanakwenda kwa umbo la kabari. Kati ya farasi na falanksi kuna watu wa miguu wepesi kidogo, hypaspisti, ili pasifunguke pengo. Pembeni kuna Waagriania wenye mikuki ya kurusha, wapiga mishale wa Krete, na kushoto wapanda farasi wa Thessaly chini ya mzee Parmenion, kazi yao ni kuvumilia tu mpaka kulia kumalizike. Philip alianza na farasi 600. Alexander alipovuka kwenda Asia mwaka 334 KK alikuwa na farasi 1,800 wa Makedonia na 1,800 wa Thessaly. Hiyo ndiyo tofauti na Wagiriki wa kusini, ambao farasi kwao ilikuwa kitu cha matajiri wachache.

Kwenye pigano la Gaugamela, 331 KK, Darius, mfalme wa Uajemi, alisawazisha uwanja ili magari yake yenye miundu yakimbie. Wakayafungulia njia katikati ya mistari, yakapita. Kisha Alexander akasogea kulia, akasogea tena, Waajemi wakamfuata, mpaka mstari wao ukafunguka. Akageuza kabari akaingia hapo hapo. Lakini wakati huo huo falanksi yenyewe nayo ilifunguka katikati, na wapanda farasi wa adui walipita mpaka kwenye mizigo. Parmenion alikuwa anazama. Kwa hiyo haikuwa mashine isiyo na dosari, Jogoo. Ilikuwa mashine nzuri, na mtu wa kuona dakika moja inayofaa. Kwa hilo nampa haki yake yote Alexander. Fimbo na vijana wa mtaani, hapana.

Kisa ninachokipenda kuliko Gaugamela ni cha 335 KK, huko Pelium, Illyria. Alexander amebanwa: ngome mbele, adui vilimani, mto pembeni, njia nyembamba. Akapanga falanksi kwa kina cha watu 120, akaamuru kimya kabisa. Kisha kwa ishara sarisa zote zikasimama juu. Ishara nyingine, zikalala mbele. Zikaelekea kulia, zikaelekea kushoto, watu wanatembea, wanageuka, hakuna neno. Waillyria wakasimama kutazama, na wengine wa vilima vya karibu hawakungoja hata kushambuliwa, wakaacha nafasi zao. Ndipo akaamuru wapige kelele na kugonga mikuki kwenye ngao, na wengine wakakimbilia ngomeni. Waillyria walikuwa wapiganaji, hawakuogopa miti. Waliogopa kuona maelfu ya miti inakwenda kama mtu mmoja.

Mwaka huo huo, kwenye mto Danube, alivuka usiku na watu wa miguu 4,000 na farasi 1,500, ngozi za mahema zimejazwa majani makavu zitumike kama vyelezo. Wakatokea kwenye shamba la nafaka ndefu. Akawaambia walaze sarisa kwa mshazari, walitandaze shamba mbele yao wakitembea. Mti mmoja, kazi mbili.

Mtoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Haya, nakubali kuhusu mfululizo wa miaka. Lakini mbona Warumi waliwakata hivyo? Kama jeshi lilikuwa hivyo bora.

Fundi_Majengo (Goma)

Kwa sababu Wamakedonia ambao Warumi waliwakuta walikuwa wamebaki na mti tu.

Wafalme waliokuja baadaye walirefusha sarisa zaidi, wakapunguza farasi na watu wepesi. Ule ukuta ukawa ndio jeshi lote. Cynoscephalae, 197 KK, mfalme Philip V, huyu ni mwingine kabisa, alishuka kilima na upande wake wa kulia, akawasukuma Warumi vibaya. Upande wake wa kushoto ulikuwa bado unapanda, haujajipanga. Ofisa mmoja wa Kirumi, bila kuagizwa na mtu, akachukua vikosi 20 akazunguka nyuma ya ule upande uliokuwa unashinda. Sarisa haigeuki nyuma. Wamakedonia wakainua miti juu, ndiyo ilikuwa ishara yao ya kujisalimisha. Warumi hawakuijua, wakaendelea kuua mpaka walipoelezwa, na hata hapo wengine hawakusimama. Pydna, 168 KK, ikawa ardhi yenye mashimo na mabonde: ukuta ukapasuka, Warumi wenye panga fupi wakaingia kwenye nyufa.

Na ufa huo ulikuwepo tangu zamani. Issus, 333 KK, falanksi ya Alexander ilipasuka kwenye kingo za mto, na mamluki wa Kigiriki wa Darius wakaua Wamakedonia 120 wenye sifa. Tofauti ni kwamba siku hiyo vikosi vya upande wa kulia vilikuwa vimeshashinda na vikageuka kuwasaidia. Philip V hakuwa na wa kugeuka.

Mwalimu_Kadutu (Bukavu)

Aksanti Papa Fundi, aksanti Katuba, na dada wa Himbi. Nitaanza na Pelium, halafu Chaeronea, dhahabu nitaiweka katikati. Nikiomba fito mbili ndefu kwa jirani anayejenga, wanafunzi kumi na sita wajaribu kugeuka uwanjani?

Fundi_Majengo (Goma)

Wawili wanatosha. Ondoa kwanza watoto wa shule ya msingi uwanjani, na vioo vya ofisi ya prefe viwe mbali.